Binti Amepangwa Shule ya Wasichana: Je, Itamfaa?

  

Jioni hii nataka tuzungumzie jambo linalobisha hodi katika nyumba nyingi za mkoa wetu wa Mara kila mwaka majina ya kidato cha tano yanapotoka. Binti amefaulu. Miaka minne amesoma shule ya kata, wavulana na wasichana darasa moja, jioni anarudi nyumbani kuteka maji na kusonga ugali. Sasa amepangwa shule ya bweni ya wasichana watupu: Tabora, Msalato, Nganza, Rugambwa, Loleza, au moja ya shule mpya za wasichana ambazo Serikali imekuwa ikizijenga mikoani. Nyumba nzima inashangilia. Bibi anapiga vigelegele. Lakini watu wakishalala, baba na mama wanabaki na swali: je, huko kutamfaa mtoto wetu?

Sizungumzii ufaulu. Wa ufaulu wana takwimu zao. Nazungumzia maisha yake na watu: atakaa na nani, atacheka na nani, atakuwa nani akiwa mbali na sisi, na akitoka huko ataishi vipi na wanaume kazini, chuoni na katika ndoa yake.

Niseme mapema ninachokiamini, ili tusizungushane. Shule ya wasichana inamfaa binti anayehitaji nafasi ya kusikika. Haimfai binti anayepelekwa ili afichwe. Shule inaweza kuwa ileile, bweni lilelile, matroni yuleyule, na mabinti wawili wakatoka wamejengeka tofauti kabisa, kwa sababu mmoja alitumwa kwenda kukua na mwingine alitumwa kwenda kujificha.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu ukiwasikiliza wazazi wengi, sababu ya kwanza wanayoitoa ni moja: "Afadhali huko, hakuna wavulana." Siwalaumu. Hofu hiyo haikutoka hewani. Binti wa shule ya kutwa anaweza kutembea mwendo mrefu alfajiri na jioni. Njiani kuna wa bodaboda anayempa lifti leo bure, kesho si bure. Mwaloni kuna vijana wanaouza samaki, pesa zinaingia kila siku, na binti hana hata ya kununulia taulo za kike. Wengine wanapangishiwa chumba karibu na shule, wanaishi peke yao wakiwa na miaka kumi na sita, wanapika wenyewe, wanafunga mlango wenyewe. Mzazi anayeyaona haya akaogopa, ameona vizuri.

Lakini hofu ni mshauri wa nusu njia. Inakuonyesha unachomwepusha mtoto, haikuonyeshi unakompeleka. Dagaa tunawawekea uzio ili mbuzi na kunguru wasiwafikie, na kazi ya uzio inaishia hapo. Binti si dagaa. Siku moja atatoka nje ya uzio, na siku hiyo lazima awe na kitu ndani yake.

Sasa tuangalie shule hizi zimetufanyia nini. Hapa kwetu si jambo geni. Pale Nyegina, Masista Weupe walikuwa na shule ya wasichana tangu enzi za mkoloni. Mama Maria Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1930 kule Baraki, Tarime, alipita mikononi mwa masista hao Nyegina, kisha akaenda Sumve kusomea ualimu, na akarudi Nyegina kufundisha. Hebu fikiria binti wa miaka ile kutoka Tarime, anaondoka nyumbani akiwa mdogo, anaishi na wasichana wasio wa kwao, anarudi akiwa mwalimu mwenye darasa lake. Nyegina ilimpa binti yule kazi, jina na sauti kabla hajawa mke wa mtu yeyote.

Vuka maji kidogo kutoka Majita, utafika Ukerewe. Huko alizaliwa Mama Gertrude Mongella mwaka 1945. Alisoma Morogoro, katika shule ya wasichana ya masista wa Maryknoll iliyoitwa Marian, ambayo leo tunaijua kwa jina la Kilakala. Kutoka kisiwani hadi Morogoro, kwa barabara za wakati ule! Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa nne wa dunia wa wanawake kule Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mabunge hayakujaa wanawake watupu. Alikaa mbele ya wanaume, marais na mawaziri, na akaongoza.

Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, mtoto wa Butiama, alianza Makerere wakati chuo kile kilikuwa cha wanaume peke yao. Wanawake wa kwanza waliingia Makerere mwaka 1945, mwaka ambao yeye alikuwa anamaliza. Kabla hawajafika, katika chuo kisicho na mwanafunzi hata mmoja wa kike, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akikumbuka jinsi wake wa baba yake walivyofanya kazi ngumu. Nalitaja hili kwa sababu moja: wengi wetu tunadhani shule ya jinsia moja ni jambo la wasichana tu. Hapana. Kwa muda mrefu wavulana ndio waliokuwa na shule zao na vyuo vyao, wakajengana humo, na hakuna aliyeuliza kama watashindwa kuishi na watu.

Ndani ya shule ya wasichana kunatokea nini hasa? Nenda kwenye maabara ya shule ya mchanganyiko siku ya kemia kwa vitendo. Wako wanne kwenye meza moja. Mara nyingi utakuta mvulana ndiye aliyeshika bureti, ndiye anayefungua koki, ndiye anayeangalia rangi ikibadilika. Msichana amekaa pembeni na daftari, anaandika vipimo anavyotajiwa. Hakuna aliyemkataza kushika. Imetokea tu, kama ilivyokuwa jana na juzi. Mwisho wa mwaka mwenye mwandiko mzuri ni yeye, mwenye uzoefu ni mwenzake.

Katika shule ya wasichana hakuna wa kumwachia bureti. Jenereta ikizima, msichana ndiye anayetumwa. Mwenyekiti wa mdahalo ni msichana, na mpinzani wake ni msichana. Kiranja wa bwalo, kiranja wa michezo, anayepiga kengele alfajiri, wote wasichana. Kule kwenye mchanganyiko, kaka mkuu anahutubia mgeni rasmi, dada mkuu anashughulikia usafi na maua. Huku dada mkuu anafanya yote mawili. Binti aliyezoea kunyamaza anajikuta siku moja amesimama mbele ya mamia ya wenzake, magoti yanatetemeka, lakini maneno yanatoka. Akishayatoa mara moja, hayarudi tena tumboni.

Wenzetu wameliona hili. Mwaka 1907 kule Rufaa, nchini Sudan, Sheikh Babiker Badri alianzisha shule ya wasichana nyumbani kwake akiwa na wanafunzi 17, na 9 kati yao walikuwa binti zake mwenyewe. Kazi ile ya familia ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ahfad kule Omdurman. Jirani zetu wa Kenya nao walianzisha Chuo Kikuu cha Kiriri mwaka 2002 kwa ajili ya wanawake na masomo ya sayansi na teknolojia. Watu hawa hawakuwa wakimficha mtu. Walikuwa wakifungua mlango uliokuwa umefungwa.

Hata hivyo lazima niwe mkweli kwenu. Si kwamba kila shule ya wasichana ni bora kwa sababu ni ya wasichana. Utafiti uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1990 uliona wasichana wa shule za wasichana peke yao wakifanya vizuri zaidi katika hisabati kuliko wenzao wa mchanganyiko. Lakini mwaka 2014 wataalamu walikusanya tafiti 184 kutoka nchi 21, zenye wanafunzi zaidi ya milioni moja na nusu, na walipozichambua zile zilizofanywa kwa umakini, waliona tofauti ni ndogo mno au haipo. Maana yake, ukuta peke yake haumfundishi mtu. Wanaomfundisha ni walimu, wenzake, na hali aliyoikuta. Kwa hiyo swali la mzazi lisiwe "shule za wasichana ni nzuri?" Liwe "shule hii, kwa binti huyu, ni nzuri?"

Sasa tuingie kwenye upande mgumu, maana upo. Bweni la wasichana si peponi. Wiki za kwanza ni upweke. Binti ametoka Murangi, nyumbani wanaongea Kijita, anakutana na wasichana wa Dar es Salaam, wa Moshi, wa Mbeya. Wengine wanajuana tangu kidato cha kwanza. Wengine wana matranka yaliyojaa, yeye lake lina shuka mbili na sabuni ya mche. Kuna makundi, kuna wababe, kuna umbea unaoweza kumkosesha mtu usingizi muhula mzima. Tusidanganyane kwamba wasichana wakiwa peke yao hawaumizani. Wanaumizana, na mara nyingi kwa maneno, mahali ambapo mwalimu hasikii.

Halafu kuna binti ambaye marafiki zake wa kweli ni kaka zake na vijana wa jirani. Amecheza nao mpira, amevua nao, anabishana nao fizikia. Huyu ukimweka mahali pa wasichana watupu anaweza kujihisi mgeni. Anaweza kuzoea, anaweza asizoee. Msimwambie kwamba ana kasoro.

Na kuna jambo la tatu, ambalo wazazi wengi hatulitazami. Binti anayeishi miaka miwili bila kuzungumza na mvulana, huku nyumbani akiwa ameambiwa tu kwamba wavulana ni hatari, anafika chuo kikuu akiwa na miaka ishirini au ishirini na moja. Vyuo vyetu karibu vyote ni vya mchanganyiko. Ghafla yuko huru, ana simu, ana mkopo, na hajawahi kufundishwa kusema "sitaki" kwa mtu anayempenda, wala kufanya kazi ya kikundi na mwanaume bila kudhani ni uchumba. Hapo ndipo wengine huumia. Kosa si la shule. Ni la sisi tuliodhani ukuta utafanya kazi ya malezi.

Nitoe mfano wa mtu tunayemfahamu wote, Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Alisoma sekondari kwa masista wa Loreto kule Limuru, wasichana watupu. Mwaka 1960 alipata nafasi ya kwenda Marekani, akapelekwa chuo cha wanawake cha Mount St. Scholastica katika mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas. Masista tena, wasichana tena! Lakini chuo kile hakikuwa kisiwa. Katika mji uleule kulikuwa na chuo cha wanaume cha St. Benedict's, na wanafunzi wa vyuo hivyo walikutana. Alimaliza biolojia mwaka 1964, akaendelea na masomo Pittsburgh, akarudi Nairobi kufundisha chuo kikuu kilichojaa wanaume, na huko alikumbana na ubaguzi wa wanawake katika marupurupu ya kazi. Hakukimbia. Alidai haki yake. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu, na mwaka 2004 Tuzo ya Nobeli ya Amani. Miaka yake yote kati ya wasichana haikumfanya aogope wanaume. Alipofika mbele yao alikuwa tayari anajua uzito wake.

Basi tufanyeje? Nianze na kitu ninachokiona kila mwaka msimu wa kuripoti. Mama na binti wako dukani na fomu ya kujiunga mkononi. Wanapiga alama: godoro, ndoo, shuka, fagio, jembe, rimu ya karatasi. Mama anapatana bei ya tranka, fundi anaandika jina kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko. Binti anaulizwa shuka za rangi gani, kufuli la ukubwa gani. Hakuna anayemuuliza kama anataka kwenda, anaogopa nini, anatarajia nini. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za Serikali ilifutwa mwaka 2022, nasi tunashukuru. Lakini mazungumzo hayauzwi, na bado wengi hatuyafanyi.

Baba, kaa naye. Sio kumhutubia, ni kumuuliza. Mazungumzo yenyewe yanaweza kuwa mafupi tu.

"Mwanangu, huko Tabora unakwenda kwa moyo wako?"

"Baba, nataka kusoma. Ila naogopa. Sina ninayemfahamu kule."

"Unaogopa nini zaidi, masomo au watu?"

"Watu, baba. Masomo nitayaweza."

Hapo umeshapata kitu cha kushika. Sasa unaweza kumtafutia mtu: binti wa jirani aliyemaliza pale, mwalimu wake wa kidato cha nne mwenye mwanafunzi wa zamani huko, shangazi anayeishi mji ule anayeweza kumtembelea. Mtoto mwenye jina moja tu la mtu wa kumtafuta siku ya kwanza anaripoti akiwa mwingine kabisa.

Na unapoichunguza shule, usiishie kuuliza "uzio upo?" Uliza matroni ni mtu wa namna gani. Je, binti akilia usiku anaweza kumgongea? Uliza kama kuna mwalimu wa malezi anayekaa na wanafunzi, au ni jina tu kwenye ubao wa ofisi. Uliza kama shule inatoka nje: inashiriki michezo ya UMISSETA, inafanya midahalo na shule za wavulana, vikundi vya dini vinakutana na wenzao wa shule jirani? Shule ya wasichana inayokutana na dunia inamwandaa binti. Ile inayojifungia inamchelewesha. Uliza pia wanafunzi waliomaliza, si walimu peke yao. Binti aliyemaliza mwaka jana atakwambia kwa dakika tano yale ambayo mkutano wa wazazi hautakwambia kwa saa tatu.

Kisha mtazame mtoto wako mwenyewe. Kama ni yule anayejua jibu lakini hanyanyui mkono, ambaye kaka zake wanasoma wakati yeye anaosha vyombo mpaka usiku, huyo mpeleke. Bweni litampa muda ambao nyumbani hatukumpa, na wenzake watampa sauti. Kama ni yule anayeongoza wavulana darasani bila kuogopa, shule yoyote nzuri itamfaa, ya wasichana au ya mchanganyiko. Angalieni tahasusi anayoitaka. Sasa tahasusi zimeongezwa, asibanwe na zile chache tulizozoea. Na kama ni mtoto mwenye ugonjwa unaohitaji mtu wa karibu, au ametoka kufiwa, au amebeba jeraha ambalo hajalisema, msimpeleke mbali kwa sababu tu shule ina jina. Kuna kuomba uhamisho, kuna shule zenye kidato cha tano karibu na nyumbani, kuna vyuo vya kati.

Akishakwenda, malezi hayajahamia bwenini. Likizo ni ya kwenu. Akirudi, msimfungie jikoni. Mwacheni akae na kaka zake na binamu zake, wabishane habari za mpira na siasa. Mama, mwambie ukweli juu ya mwili wake na juu ya wanaume, wale wema na wale wabaya, kwa maneno ya wazi. Baba, zungumza naye kama mtu mzima anayekua, ili siku mwanaume mwingine akimzungumzisha kwa dharau, atambue mara moja kwamba hivyo sivyo anavyostahili kuzungumzishwa. Binti anajifunza kuishi na wanaume kwanza kwa baba yake, na somo hilo halina tahasusi.

Na wewe binti unayenisikiliza, ambaye jina lako limetoka: kuogopa si dalili kwamba umekosea njia. Jipe muhula mmoja wa kweli kabla ya kuhukumu. Tafuta rafiki mmoja, usitafute kundi. Gombea hata uongozi mdogo kabisa. Ukionewa, sema, na ukisema usisikilizwe, sema kwa mtu mwingine. Ukiona moyo unazidi kuzama mwezi hadi mwezi, andika nyumbani, omba kupiga simu. Kusema "sipawezi" mapema ni ujasiri.

Ndugu zangu wa Mara, nawaomba kabla ya tranka kufungwa mkae na binti na kumuuliza. Akisema anataka kwenda, msindikizeni kwa moyo mmoja na mwendelee kumlea akiwa huko. Akisema hapana, msimwite mwoga wala mtukutu. Sikilizeni sababu yake, mtafute pamoja njia nyingine inayomfaa. Njia zinaweza kuwa nyingi, lakini kusoma kwake kuendelee.